Jumapili ya Filamu ya Wadenishi

Mama yangu hapendi filamu. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu kwa zaidi ya miaka miwili niliamini kwamba anazipenda. Kila Jumapili mchana nilimtafsiria mpaka koo likakauka, na kazini nikajisifu kwamba mtaa mzima wa Dixon, huku Kanada, hauna mtafsiri wa filamu ila mimi. Kumbe alichokuwa akikipenda ni kitu kingine kabisa.

Tunaishi ghorofa ya kumi na moja, kwenye yale majengo marefu yaliyo karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege ikishuka unaona matairi yake. Kazi yangu ni kutunza wazee. Nawaosha, nawavisha na kuwalisha wazee wa watu, halafu napanda basi kurudi kwa mzee wangu mwenyewe. Mama alikuja miaka mitatu iliyopita, baada ya kumzika baba, kwa sababu presha ya macho ilikuwa imeanza kumnyang'anya nuru na kule Iringa hapakubaki wa kumshika mkono. Siku hizi anatofautisha mwanga na kivuli tu. Akikaa sebuleni anajua dirisha liko upande gani, na anajua nikipita mbele yake, basi.

Kiingereza hajui. Ndivyo nilivyokuwa nikiamini, na kila kitu kilikuwa kikinithibitishia. Daktari akifungua mdomo, mama ananigeukia mimi. Jirani yetu, mama mmoja wa Kisomali, huja kukaa naye wakanywa chai ya iliki bila kuelewana zaidi ya mashallah na alhamdulillah. Mama yangu ni Mlutheri wa kuzaliwa, lakini hayo maneno anayatamka vizuri kuliko imamu.

Habari ya kutafsiri filamu ilianzia Iringa, tukiwa watoto. Nyuma ya soko palikuwa na banda la video, mabenchi manne na televisheni moja iliyofungiwa kwenye kasha la mbao. Mtafsiri alikuwa anakaa pembeni na kipaza sauti, anapunguza sauti ya filamu na kusema yeye. Kiingereza chenyewe hakukijua kutuzidi. Alikuwa anaangalia uso wa mtu, kisha anatunga. Mhusika mkuu aliitwa steringi, na steringi hafi, hiyo ilikuwa sheria. Ikitokea filamu ambayo steringi anakufa, mtafsiri alisema amezimia tu, amepelekwa hospitali ya mkoa, na sisi tulitoka pale tumeridhika.

Aliyenipeleka huko ni kaka yangu, aliyenizidi miaka minne. Tukirudi nyumbani alinihadithia filamu nzima upya, jikoni, akiigiza sauti zote, za adui, za steringi, mpaka za mbwa. Mama alikuwa anatufokea tupunguze kelele, lakini nilimwona mara nyingi ameacha mchi juu ya kinu anasikiliza.

Kwa hiyo macho ya mama yalipozidi kufifia, nami nikatafuta cha kumfurahisha siku za baridi, niliweka filamu ya polisi na wezi nikaanza kutafsiri. Nilisikia mdomo wangu unasema: "Sasa steringi kaingia ndani, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, masikini hana habari kwamba adui yuko juu ya kabati." Mama akacheka. Halafu akasema, "Unaongea kama kaka yako," na akageuzia uso dirishani. Tangu siku hiyo, tukirudi tu kanisani, kabla sijavua viatu vya theluji, ananiuliza, "Leo hakuna filamu?" Alikuwa anakuja kumsikiliza mwanawe kwenye koo langu. Mimi nikadhani anapenda filamu.

Kaka yangu yuko Afrika Kusini. Alikwenda kutafuta maisha kama nilivyokuja mimi huku, tofauti ni kwamba karatasi zangu zilikaa sawa na zake hazikukaa. Baba alipofariki alipiga simu akasema akitoka nchini humo hataruhusiwa kuingia tena, na maisha yake yote yako kule. Hakuja. Mimi nilifika na koti la baridi mkononi, nimelala kwenye viwanja vya ndege viwili, nikakuta kaburi limechimbwa na watu wamesimama wanamsubiri mtoto wa kiume aje atupe udongo wa kwanza. Walisubiri mpaka jua likageuka. Mwishowe akatupa baba mdogo.

Jioni ile kaka akapiga tena. Mama akaichukua simu mkononi mwangu, mbele ya watu wote waliokuwa wamekaa mkekani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba yako amezikwa na majirani. Radhi zangu huna. Usizitafute." Akanirudishia simu.

Kwetu neno hilo halisemwi ovyo. Mtoto anaweza kuchapwa, akatukanwa, akafukuzwa nyumbani, na kesho akarudi akala ugali. Lakini aliyenyimwa radhi na mama yake, hata apande nini hakioti. Hivyo ndivyo tunavyoamini, na nimekaa Kanada miaka kumi na sita sijaacha kuamini. Nilimwogopea.

Kuanzia siku ile kaka hakupiga tena. Nilimwandikia: "Kaka, mama ana uchungu tu, omba radhi, atalegea." Tiki mbili zikatokea, zikageuka bluu, maana yake kasoma. Kimya. Nikaandika mara ya pili, ya tatu. Bluu, kimya. Nadhani ilikuwa mara ya tano nilipokasirika. Mimi nina hasira za karibu tangu utotoni, na nilijisemea kwamba mwenye macho ya kusoma ana vidole vya kujibu. Nikasusa. Sikumwandikia tena, na nilijiona nina haki kabisa.

Ila mama hakususa. Yeye aliyemnyima radhi ndiye aliyeniuliza kila Jumapili, tangu wiki ya kwanza aliyofika hapa: "Kaka yako hajaandika?" Namwambia hajaandika. Anasukuma sahani kando kidogo, kidole kimoja tu, kama vile sahani ndiyo iliyokosa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami mtoto sina, lakini ile sahani niliielewa. Kufikia Januari nguo zake zilikuwa zinamning'inia.

Jumapili moja nimetoka zamu mbili mfululizo, miguu inawaka moto, akaniuliza tena. "Ameandika," nikasema.

"Anasema nini?"

"Anasema shikamoo."

Mama aliweka kijiko chini. "Marahaba," akasema, akiitazama simu iliyokuwa mezani, au mahali alipodhani ipo. Kisha akaomba aongezewe ugali.

Nani angeacha baada ya hapo? Nikaendelea. Nilikuwa natunga barua za kaka nikiwa naosha migongo ya wazee kazini, na kufika Jumapili iko tayari. Nilimpa kazi ghalani. Nilimpa chumba chenye jiko lake. Wakati mmoja, kwa kukosa la kusema, nilimpa mafua, na hilo lilikuwa kosa, maana mama alikesha wiki nzima kwa wasiwasi na kuniamuru nimwandikie achemshe tangawizi na asikae kwenye upepo. Ikabidi nimponye haraka. Utani ninautia sasa, lakini wakati ule nilikuwa nafurahi. Kwa dakika kumi kila Jumapili sisi watatu tulikuwa pamoja tena, na mimi nilikuwa na kaka anayeniandikia.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, theluji ikiwa inageuka matope, mama akasema: "Huyu mtoto anaandika kila wiki. Ya kazi, ya mvua. Lile neno halisemi." Nilijua neno gani. Wiki iliyofuata nikamsomea: "Mama, nilikosa. Naomba radhi zako."

Kisha akaomba maji kwenye glasi, akaniambia nishike simu karibu na mdomo wake, nirekodi. Akapiga funda, akayapuliza yale maji kama wafanyavyo wazazi wetu wanapoondoa neno baya, yakarukia simu, mkono wangu na mkono wa sweta. Akasema: "Mwanangu, lile neno nimelitema. Halimo tena tumboni mwangu. Radhi zangu unazo, ulipo na uendako. Lala usingizi, mwanangu." Alilia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilikuwa nafuta simu kwa upindo wa gauni. "Mpelekee sasa hivi," akasema.

"Nimempelekea," nikamwambia.

Sikumpelekea. Ningempelekeaje? Angeuliza ni nani aliyeomba. Kaka yangu ana kiburi, kiburi kile kile nilicho nacho mimi, na wote wawili tumekirithi kwa huyu huyu aliyepuliza maji. Angepiga simu aseme hajaomba kitu, na mama angejua kila kitu. Nikajiambia nitampelekea wiki ijayo, nikishamwandikia kwanza kumweleza. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Ile sauti ikakaa kwenye simu yangu miezi kumi na moja. Na niseme ukweli wote: nilikuwa naisikiliza. Asubuhi kwenye basi, naweka vipokea sauti masikioni, naangalia nje kwenye ukungu wa kioo, namsikia mama akisema lala usingizi, mwanangu. Nilijifanya ananiambia mimi.

Basi, mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda maktaba kuazima filamu za Jumapili. Nilipofika nyumbani nikamsomea mama majalada, kama kawaida yetu, achague. "Hii ni ya kutisha," nikasema, "lakini si ya majini. Ni ya kutisha akili tu. Imetoka Denmaki."

"Denmaki?" Akanyoosha mkono. "Chukua hiyo. Hao nawajua."

Ni kweli, aliwajua. Kabla sijaanza shule alipika miaka sita kwa mume na mke Wadenishi waliokuja Iringa na mradi wa maji. Anawazungumzia kama ndugu wa mbali: bwana alikuwa na ndevu nyekundu na alikula samaki asiyeiva, bibi alimfundisha kuoka mkate mweusi mzito ambao baba alikataa kuuita mkate. Sikuwahi kumuuliza walikuwa wanaongea lugha gani jikoni. Nilidhani Kiswahili.

Jalada lilieleza kwamba filamu imetengenezwa kwa watazamaji wa dunia nzima, na kweli, toka mwanzo mpaka mwisho Wadenishi hao walisema Kiingereza, hata wakiwa peke yao nyumbani kwao, hata wakiombana chumvi. Niliona ajabu, kisha nikakumbuka watoto wa ghorofa letu, wanaoitwa kwa Kiswahili au Kisomali na kuitikia kwa Kiingereza, nikaacha kushangaa.

Tulikula makande, nikafuta meza, tukakaa. Hadithi ilikuwa ya mjane anayeishi kwenye nyumba kubwa kando ya bahari ya baridi. Mwanawe aliondoka kwa ugomvi miaka mingi nyuma. Mjane anampangisha bwana mmoja chumba cha juu, mtu mpole, nadhifu, na baada ya muda barua za yule mwana zinaanza kuja. Hakuna bunduki, hakuna damu. Kuna ngazi inayolia, birika, na watu wanaotazamana. Ukimya ulikuwa mwingi kiasi kwamba nilibaki kumweleza mama rangi za mapazia. Na walipoongea, waliongea polepole, kila neno limewekwa peke yake, kama mtu anayepanga vikombe vya mgeni mezani. Niliona mama ameinamia mbele, sikio kaligeuzia televisheni na si mimi. Nikafurahi. Nikasema leo nimepatia.

Katikati ya filamu kamera ikapanda ngazi peke yake. Mlango wa mpangaji uko wazi. Mpangaji ameketi mezani, pembeni yake barua ya zamani ya yule mwana, na yeye anajifunza mwandiko. Anaandika mstari, anafuta, anaandika tena.

Nikaacha kutafsiri.

"Sasa mpangaji anafanya nini?" mama akauliza.

"Anaandika," nikasema. "Anaandika ripoti ya kazini."

Baada ya hapo sikusimama. Nilifanya walivyofanya watafsiri wetu wote steringi anapokaribia kufa, ila mimi nilitunga filamu nyingine kabisa juu ya ile. Nikasema mpangaji ni mtu wa Mungu. Nikasema mwana yuko melini, anavuka bahari, anarudi kwa mama yake, ana ndevu sasa. Mjane akafungua droo akakuta makaratasi ya majaribio, yote yenye jina la mwanawe. Mimi nikasema anatafuta kiberiti. Akakaa chini kwenye ngazi, mkono mdomoni; nikasema amechoka kwa furaha. Nilitumia vichekesho vya kaka vyote nilivyovikumbuka. Jasho lilikuwa linanitoka kwapani, na nje nyuzi joto kumi na tano chini ya sifuri.

Ikafika wanapokaa wawili mezani, taa moja. Mjane akamuuliza mpangaji swali, polepole, na mpangaji akajibu neno moja. Mimi juu yao nikasema kwa sauti nene ya kaka: "Mama mwenye nyumba anamwambia, karibu chakula bwana mpangaji, kesho mwanangu anafika!"

Mama akainua mkono. "Zima."

"Bado haijaisha, mama."

"Zima, mama," akarudia.

Nikazima. Friji ilikuwa inanguruma.

"Huyo mwanamke hakusema karibu chakula," mama akasema. "Ameuliza kama mwanawe aliwahi kuandika hata barua moja. Na yule kajibu hapana."

Nilimwangalia kana kwamba ni mtu aliyeingia kwa kukosea mlango. "Mama, kumbe unajua Kiingereza?"

"Cha hao ninakijua. Mume na mke walinisemesha hivyo hivyo miaka sita, neno moja moja, maana na wao walijifunza ukubwani. Cha daktari wako sikijui. Yule anakimeza."

Nikacheka, kicheko cha woga. "Nilikuwa natia chumvi tu. Si unawajua watafsiri wa Iringa?"

"Mtafsiri hutia chumvi," akasema. "Wewe umebadilisha mboga." Hakuwa anacheka. "Na umeibadilisha katikati. Kule mwanzo ulikuwa unasema kweli, nilikuwa nakufuata, nafurahi tu kukusikia. Tulipofika kwenye barua ukaanza kukimbia. Kwa nini hapo?"

Nilikuwa nimekaa na rimoti mkononi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Kaka yako aliwahi kuandika?"

"Hapana, mama."

"Hata shikamoo?"

"Hata shikamoo."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilianza kulia, nikasema nilikuwa namwonea huruma, alikuwa hali, nguo zilikuwa zinamvuka, na zile radhi niliziomba mimi, kaka hakuomba kitu. Nilisema mengi. Alinisubiri nimalize.

"Siulizi nani aliziomba," akasema. "Nauliza ziko wapi. Zile nilizozitoa."

"Zimo kwenye simu yangu."

"Hajazisikia?"

"Hajazisikia."

Mama alishika magoti yake kwa mikono miwili. "Kwa hiyo mwanangu mpaka leo analala na lile neno langu la msibani."

Nilikwenda kujifungia bafuni. Miezi yote ile nilikuwa nimejihesabia dhambi moja tu, ya kumdanganya mama, na hiyo nilikuwa nimeshajisamehe kwa sababu alikuwa anakula. Ya kaka sikuwa nimeiona. Nilikuwa mtu aliyepewa dawa ampelekee mgonjwa, akakaa nayo mfukoni kwa kuwa anaona haya kubisha hodi. Na hasira zangu za bluu na kimya! Labda alikaa kimya kwa sababu aliambiwa asitafute radhi, akatii. Sikuwahi kuwaza hivyo hata siku moja. Nilitamani kumwona kaka yangu siku ile kuliko siku yoyote tangu nitoke nyumbani, si yule niliyemtunga, yule mwenyewe, aliyekuwa ananiwekea nafasi kwenye benchi la mbele.

Siku tatu mama hakusema nami zaidi ya lazima. Shikamoo yangu aliiitikia, nashukuru kwa hilo. Jirani alipokuja walikunywa chai yao kimya. Siku ya nne nikamuuliza kama nimpelekee kaka ile sauti sasa, hata kwa kuchelewa.

"Nisikilize kwanza," akasema.

Nikamwekea. Alijisikiliza akipuliza maji, akitoa radhi, akilia. Ilipokwisha akasema, "Ifute."

"Mama!"

"Ifute. Hizo nilimpa aliyeomba. Huyo ni mtu wako, ulimtunga mwenyewe. Mwanangu mimi hajaomba."

Nilifuta. Kidole kilikataa mara mbili, kisha nikafuta. Ile lala usingizi niliyokuwa nikipanda nayo basi asubuhi haipo tena popote.

Jumapili baada ya kanisa hakuvua kitenge chake kizuri wala kilemba. Alikaa wima kwenye kiti, akaniambia nilete simu. Nikauliza kama nilete na maji. Akasema maji ya nini. Nikabonyeza kurekodi, naye akasema, bila kulia, kwa sauti ile ile ya kawaida aliyoitumia mkekani:

"Mwanangu, ni mama. Neno nililokuambia siku ile nililisema mimi, hakuna aliyenituma. Uliniumiza, na mpaka leo nina hasira na wewe. Sijakusamehe. Niko kwa mdogo wako, macho yameondoka. Nataka kukushika uso. Piga hivyo hivyo na hasira zako, na mimi nina zangu."

Akatafuta kidole changu kwenye simu, akaweka chake juu yake, tukabonyeza pamoja. "Imekwenda?" akauliza. Nikasema imekwenda. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Alijipapasia mpaka mlangoni, akagonga kwa jirani, akarudi naye akimshika kiwiko, akamnyooshea ile simu. Jirani aliangalia kioo, akaangalia macho yangu yaliyovimba. Akaushika mkono wa mama, akainua vidole vyake viwili, kimoja baada ya kingine. Tiki mbili.

Jumanne nikiwa kazini zikageuka bluu. Nilimwambia mama nilipofika tu, bado nina koti mwilini. "Ameisikiliza."

"Yote?"

"Hilo siwezi kulijua, mama."

"Amesema nini?"

Niungame kwamba mdomo wangu ulikuwa tayari. Sauti ya kaka ilikuwa imeshafika kooni, nene, yenye utani, na maneno yake yamejipanga yenyewe kama yalivyojipanga kila wiki kwa miaka miwili. Mama alikuwa amenigeuzia uso, anasubiri, na nilijua hasa ni neno gani lingemfanya aombe chakula.

"Hajasema kitu," nikasema.

Hii ni wiki ya tisa sasa. Filamu haniulizi tena. Tukirudi kanisani anakaa kwenye kiti chake, ananiuliza kama kaka yangu amejibu. Naifungua simu, naiangalia kweli, halafu namwambia, "Hakuna, mama." Naye ananiambia, "Ahsante."